Grili ya peleti ya kwanza: ya kufukiza nyama na kubabua steki kwa pamoja, niangalie nini?

Nyama_Taratibu
Wakuu habari zenu. Nataka kununua grili ya peleti, ile inayochoma vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ndo ya kwanza kwangu. Kazi zangu ni mbili. Moja kufukiza, yaani kidari cha ng'ombe kilale humo usiku kucha, mbavu, kuku mzima. Ya pili kubabua steki mpaka juu iweke gamba la kahawia iliyokolea, sio ile rangi ya kijivu ya nyama iliyochemshwa. Sasa kila nnaposoma nakuta kambi mbili, hawa wanasema peleti kwa moshi sawa ila kubabua sahau, wale wanasema hizo ni habari za zamani. Mimi ninavyoona grili ikifika nyuzi 260 za sentigredi imemaliza kazi, steki haihitaji zaidi ya hapo. Mlio nazo mnasemaje? Kabla ya rangi na waifai niangalie nini?

Mzee_wa_Kidari
Swali zuri hili, naweka kambi. Nikishusha mzigo narudi kuandika vizuri.

Fundi_Bomba
Nyuzi 260 za nini mkuu? Tuanzie hapo. Ile namba kwenye kioo ni joto la hewa pale sensa ilipo, na sensa mara nyingi imebandikwa ukutani, haijui waya wako wa kuchomea una joto gani. Angalia grili ya kawaida ilivyopangwa ndani: chini kabisa katikati kuna kikombe cha moto, kidogo tu, parafujo inaleta peleti kutoka kwenye sanduku la pembeni inazimwaga humo, kiwashio kinaziwasha, feni inapuliza. Juu ya kikombe kuna bamba la chuma la kutawanya joto, juu ya bamba kuna trei ya mafuta imelala mshazari, ndo waya wa nyama unafuata. Kwa hiyo steki yako haiuoni moto kabisa, inapikwa na hewa inayozungushwa na feni. Ingiza mkono kwenye oveni yenye nyuzi 260 sekunde mbili unautoa mzima, ila gusa trei ya oveni hiyo hiyo uone. Hewa na chuma ni vitu viwili tofauti hata namba ikiwa ile ile. Usiulize inafika ngapi, uliza joto linaifikiaje nyama.

Dada_Mbavu
Fundi nakubali maelezo ila hitimisho silikubali. Grili yangu haifiki hata hizo 260, ikijitahidi sana ni 230, na steki zangu zinatoka na gamba. Siri ni kikaango cha chuma kizito kile cheusi. Nakiweka ndani kikiwa kitupu, nafunga kifuniko, naiacha grili kwenye joto la mwisho kama nusu saa mpaka chuma chenyewe kishibe joto, ndo naweka nyama. Inalia chaaa mpaka jirani anageuka. Kwa hiyo asiogopeshwe anunue grili ghali kwa sababu ya kubabua, anunue inayofukiza vizuri na kikaango aweke pembeni

Mkaa_Daima
Sasa kama mnaishia kwenye kikaango, si mngebaki na jiko la kawaida tu? Makaa yaliyokolea yanatoa joto la mng'ao, linapiga nyama moja kwa moja, hakuna feni hakuna bamba. Umeme ukikata mimi naendelea kula.

Fundi_Bomba
Mkaa_Daima tulijua tu utafika 😂 ila kwenye mng'ao umesema kweli, na ndo maana watengenezaji wameanza kufungua njia ya moto. Nyama_Taratibu, ziko grili za peleti zenye bamba la kuteleza, unavuta mpini kwa nje, bamba linasogea, moto wa kwenye kikombe unaonekana chini ya waya na nyama inapigwa na ndimi zenyewe. Camp Chef wanaita Slide and Grill, Pit Boss nao wanalo la kwao la kuteleza. Weber wakaenda njia nyingine, SmokeFire yao ya 2020 waliondoa ile trei kubwa wakaweka vyuma vya umbo la paa juu ya moto, ikawa inapanda mpaka nyuzi 315, na Searwood iliyofuata nayo inafika huko huko. Hizo ndo za kuzilinganisha, maana hapo joto la kutoka chini linaifikia nyama.

Chumvi_Kwanza
Mimi naona wote mnazungukia grili na kuisahau nyama. Gamba halitokei kwa sababu ya maji. Maji yakiwepo juu ya steki, pale juu hapapandi kupita nyuzi 100 mpaka yaishe, na ile kahawia yenye harufu inaanza kwenda kasi kuanzia 140 hivi. Grili ya peleti inapika taratibu, kwa hiyo nyama ikiingia mbichi na majimaji inatoa maji muda wote na unaona kijivu. Paka chumvi tangu jana yake, iache kwenye friji bila kufunika, juu pakauke kabisa. Afu geuza mpango: ifukize kwanza kwenye 107 mpaka ndani isome 46 au 48, itoe, pandisha joto hadi mwisho, irudishe dakika moja moja kila upande, ndani inamalizia 54 hivi. Ukifuata hivyo hata grili ya 230 ya Dada_Mbavu inatosha, na kikaango sio lazima.

Fundi_Bomba
Kukausha nakazia, ila "kikaango sio lazima" hapana. Weka steki kavu juu ya waya mwembamba wa chuma kilichopakwa enameli, utapata michirizi minne na katikati yake kijivu. Waya hauna uzito wa kushika joto, ukigusana na nyama baridi umepoa.

Chumvi_Kwanza
Michirizi sio gamba, hapo tuko pamoja. Ila yangu inakolea bila kikaango, sasa sijui tukubaliane vipi.

Kizibo
Huenda grili zenu hazisomi sawa. Mimi niliweka thamometa yangu mwenyewe juu ya waya, kioo kinasema 230, upande wa kulia karibu na bomba la kutolea moshi nikakuta joto limepita hapo mbali, upande wa sanduku la peleti chini yake. Kwa hiyo huyu anapika steki kwenye kona ya moto bila kujua na yule kwenye kona baridi, afu wanabishana mtandaoni.

Nyama_Taratibu
Aisee asanteni, nimejifunza mengi kwa muda mfupi. Sasa kuhusu moshi wenyewe. Nimesoma watu wanalalamika kwamba nyama ya peleti haina moshi wa kutosha, ni kweli? Maana kama haifukizi na haibabui basi nanunua nini?

Mzee_wa_Kidari
Nimerudi. Moshi upo, ila ni mwepesi, na sababu yake ni kwamba mashine inachoma vizuri mno. Kuni kubwa ikifukuta na hewa kidogo inatoa moshi mzito wenye harufu nyingi, peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa vipande vya milimita 6 hivi, feni inazipuliza, zinaungua karibu zote. Unachoona kwenye bomba ni moshi wa bluu mwembamba, wakati mwingine huuoni kabisa unaona hewa inacheza tu. Huo ndo moshi mtamu. Ule mweupe mzito wa dakika za kuwasha ni uchungu mtupu, usiweke nyama mpaka uishe. Sasa ukitaka moshi mwingi zaidi teremsha joto. Kwenye 82 hadi 107 peleti zinakuja kidogo kidogo zinafukuta, kwenye 200 moto ni safi na moshi unapotea. Mimi kidari kinaanza chini kabisa masaa ya mwanzo, ndo napandisha 121 mpaka mwisho. Kikifika ndani kama 65 hadi 75 kinagoma, joto halipandi masaa mengi kwa sababu nyama inatoa jasho na jasho linaipoza, wengi wakiona hivyo wanadhani grili imeharibika. Vumilia au ifunge na karatasi ya kuchomea, inaenda kulainika kwenye 93 hadi 96.

Kizibo
Mzee umeandika vizuri ila kuna kitu kinaitwa kontrola, kile kinachoongoza joto, hujagusa. Zile za zamani zilikuwa zinaenda kwa saa, parafujo inazunguka sekunde kadhaa inapumzika, moto unapanda unashuka, na ule kushuka ndo kunaleta moshi. Hizi mpya za PID, yaani kontrola za kielektroniki, zinapiga hesabu muda wote, joto limesimama pale pale, moto safi, moshi hakuna. Watu walitaka joto lisiloyumba wakapoteza ladha. Traeger alipozigundua hizi grili miaka ya tisini hazikuwa na mambo hayo na nyama ilikuwa na moshi.

Volti220
Kizibo, tarehe hapana. Joe Traeger wa Oregon, Marekani, alizitengeneza miaka ya themanini na hataza akaipata 1986. Hataza ilipoisha 2006 ndo kampuni nyingine zikamiminika, na ushindani huo ndo uliotuletea PID, mabamba ya kuteleza na kila kitu mnachobishania hapa. Kuhusu moshi, PID sio adui. Nyingi sasa zina mpangilio wa moshi unaoiacha joto iyumbe makusudi, unachagua mwenyewe. Faida ya PID unaiona usiku wa baridi au wenye upepo, ile ya saa inakuamsha umekuta joto limeporomoka.

Dada_Mbavu
Na kuna bomba la kuongeza moshi! La chuma cha pua lenye matobo, unalijaza peleti, unawasha ncha moja kwa tochi ya gesi, likishika unapuliza ndimi zizimike libaki linafuka, unaliweka pembeni ya nyama. La sentimita 30 linafuka masaa matatu minne. Mbavu zangu kabla na baada ya hilo bomba ni vitu viwili tofauti

Mkaa_Daima
Mnaongeza kifaa cha moshi kwenye mashine ya moshi? Hahaha haya. Ila msimsahaulishe kwamba nyama ikishafika nyuzi 60 ndani inakataa moshi, kwa hiyo hilo bomba masaa mawili ya mwisho ni kupamba tu.

Mzee_wa_Kidari
Hapana mkuu, hapo umechanganya mambo mawili. Kinachosimama ni lile duara la pinki chini ya ngozi ya nyama, linatokana na gesi za moto kushikana na rangi ya nyama, na rangi hiyo ikishabadilika kwa joto duara haliongezeki. Ladha ya moshi ni kitu kingine, inaendelea kutua juu ya nyama muda wote moshi ukiwepo, hasa pakiwa na unyevu. Ndo maana tunanyunyizia maji au siki ya tufaha kidogo.

Mkaa_Daima
Sawa lakini nyama ikishaweka gamba kavu unatua wapi? Mimi bado nasema ya mwanzoni ndo inahesabika.

Chumvi_Kwanza
Peleti zenyewe mbona hamzitaji. Nyingine zimeandikwa jina la mti fulani kwenye mfuko, kumbe wingi wake ni mwaloni na jina ni mchanganyiko kidogo au mafuta ya harufu. Soma mfuko. Na usiweke peleti za kupashia nyumba joto hata kama zinafanana, zile zinaweza kuwa za miti laini yenye utomvu na hazikutengenezwa kwa chakula.

Kizibo
Na unyevu! Vunja peleti kwa vidole, nzuri inavunjika kwa mlio na inang'aa, iliyokula unyevu inapukutika unga. Rafiki yangu aliacha sanduku limejaa nje msimu wa mvua, maji yakaingia kidogo tu kwenye ukingo wa kifuniko. Peleti ziliumuka ndani ya bomba la parafujo zikashikana kama simenti, parafujo ikakwama, tulikaa na bisibisi na koleo tunakwangua kipande kwa kipande mpaka usiku. Sasa hivi akimaliza kupika anazitoa zote anaweka kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana. Kwa hiyo Nyama_Taratibu, angalia sanduku lenye mlango wa kumwagia peleti chini au nyuma. Kitu kidogo ila utakishukuru, na kubadilisha aina ya mti inakuwa rahisi.

Nyama_Taratibu
Huo mlango sikuwa naujua kabisa, naandika. Inakula peleti kiasi gani kwani? Na umeme?

Volti220
Kufukiza weka nusu kilo hadi kilo kwa saa, ukipandisha joto la mwisho au kukiwa na baridi na upepo inazidi hapo. Kwa kidari cha usiku kucha sanduku la kilo 8 hadi 10 linakulaza usingizi. Umeme sio mwingi, kiwashio ndo kinakula, wati 200 hadi 300 kwa dakika za mwanzo, baada ya hapo ni feni na parafujo tu, hata inveta ndogo inabeba. Ila sikiliza hili vizuri. Usizime grili kwa kuchomoa waya. Bonyeza kuzima uiache, feni inaendelea mpaka peleti za kwenye kikombe ziishe. Ukiikata ghafla moto unabaki kwenye kikombe bila feni na unaweza kurudi nyuma kwenye parafujo kuelekea sanduku. Na umeme ukikata wenyewe ukarudi, usiwashe tu. Fungua kwanza utazame kikombe, kama kimejaa peleti ambazo hazijaungua zitoe. Zikiwaka zote kwa pamoja unapata moshi mweupe mwingi afu mlipuko unaoinua kifuniko.

Msafi_wa_Jiko
Nimesoma uzi wote kimya kimya, acha niongezee la usafi maana huyu anataka kufukiza na kubabua kwenye grili moja na hapo ndo hatari ilipo. Kidari na mbavu zinaacha mafuta kwenye trei, taratibu, kwa joto la chini, huoni shida. Kesho yake unapandisha 260 kwa ajili ya steki na yale mafuta ya jana yanawaka. Shangazi yangu moto wa mafuta ulimlia thamometa na rangi yote ya kifuniko. Badilisha foili ya trei kabla ya kila kubabua, kwangua mfereji wa mafuta, na majivu ya kwenye kikombe yanyonye na mashine ya vumbi yakiwa yamepoa kabisa. Majivu yakijaa hewa haipiti, moto unazimika katikati ya upishi huku parafujo inaendelea kumwaga, ndo unarudi kwenye mlipuko wa Volti. Zile zenye kikombe unachoweza kumwaga majivu kwa nje kwa kuvuta tu, mimi ningezipa alama nyingi kuliko waifai.

Fundi_Bomba
Msafi umegusa penyewe. Na hizo za bamba la kuteleza nazo mafuta yanadondoka moja kwa moja kwenye kikombe, usipige steki zenye mafuta manene hapo ukaenda kuongea na simu.

Dada_Mbavu
Ndo hapo sasa. Bamba la kuteleza sehemu yenye moto ni ndogo, steki mbili tatu basi. Wageni wakiwa wanane unababua kwa zamu. Bado kikaango kinashinda.

Fundi_Bomba
Kikaango nacho kinabeba ngapi dada? Mbili. 😄

Dada_Mbavu
Mbili ila nina vikaango vitatu 😄

Nyama_Taratibu
Sasa nimebaki na njia tatu kichwani. Moja, grili inayofika 315 ifanye kila kitu. Mbili, yenye bamba la kuteleza. Tatu, grili ya kawaida iliyojengwa kwa chuma kinene na kontrola nzuri, afu kubabua nifanye pembeni kwenye kichomeo cha gesi. Kuna mtu anatumia hii ya tatu?

Kizibo
Mimi. Na sio lazima kiwe mbali, Camp Chef wana kichomeo cha gesi kinachofungwa ubavuni, Sidekick wanaita. Steki inatoka kwenye moshi inahamia pembeni hatua moja. Grili inabaki kwenye 107 yake na mbavu zinaendelea. Hilo wenye grili ya 315 hawalipati, wakitaka kubabua lazima wapandishe grili nzima na kila kilichomo.

Mzee_wa_Kidari
Naungana na namba tatu. Kufukiza ni masaa kumi na zaidi, kubabua ni dakika mbili. Hela iende kwenye masaa. Gonga kifuniko kwa kidole dukani, chuma chepesi utakisikia, kinapoteza joto na kinakula peleti. Pima na urefu wa ndani pia, kidari kizima kinataka nafasi na hewa ipite pande zote.

Fundi_Bomba
Mzee mimi nakupinga. Mtu anafukiza kidari mara moja moja, steki na kuku ni kila wiki. Hela iende kwenye kinachotumika zaidi. Namba mbili.

Chumvi_Kwanza
Kuku hataki 315 wala 107. Ngozi inataka 190 hadi 200 na ndani isome 74, chini ya hapo inakuwa mpira. Grili zote tatu zinaweza.

Mkaa_Daima
Namba nne, makaa. Tena siku hizi kuna za makaa zenye feni na kontrola, Masterbuilt wanazo, makaa yanashuka yenyewe kutoka juu, unaseti joto kama nyie na zinapanda nyuzi 370. Moshi wa kweli na kubabua kwa kweli kwenye chombo kimoja.

Volti220
Hiyo nayo inataka umeme mkuu, ulisema ukikatika wewe unaendelea kula.

Mkaa_Daima
Nina lile la zamani pembeni.

Nyama_Taratibu
😂 Nashukuru sana wote. Wikiendi hii naenda kuzifungua vifuniko nizione kwa ndani, namba mbili na namba tatu. Kizibo, kabla sijaenda: kichomeo cha ubavuni kikiwa kinawaka na grili inafukiza, joto lake halisumbui sensa ya grili? Na sanduku la peleti kwenye hizo liko upande gani, lisije likawa linapashwa moto na gesi.

Kizibo
Sanduku liko upande wa pili. Sensa yangu haijawahi kuyumba, ila upepo ukitokea upande wa kichomeo sijajaribu.

Fundi_Bomba
Upepo utasumbua.

Dada_Mbavu
Hautasumbua, kifuniko kimefungwa. Nyama_Taratibu beba thamometa yako ukienda, waombe waiwashe uipime kona zote nne.